Uzee wa Ugenini: Wazee wa Nakivale na Maisha Yao ya Kila Siku

Bila shaka umepata kusikia habari za wazee wa Ulaya na Marekani ambao, wakisha kustaafu kazi, hufungasha mizigo na kwenda kuishi Thailand. Wengi hupenda miji kama Chiang Mai na Hua Hin, ambako hakuna theluji, chakula hakina gharama kubwa, na pensheni ambayo kwao ingemezwa na kodi ya nyumba huwatosha kula, kujitibu na hata kumlipa mtumishi. Serikali ya nchi hiyo huwapokea kwa masharti yaliyo wazi. Mgeni awe ametimiza umri wa miaka 50. Awe na baht 800,000 katika benki ya huko, au athibitishe mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Na kila siku 90 zikipita aiarifu idara ya uhamiaji mahali anapokaa. Akitimiza hayo huongezewa muda mwaka hadi mwaka. Jambo moja tu hapewi kwa urahisi, nalo ni ardhi. Sheria ya Thailand kwa kawaida haimruhusu mgeni kumiliki kiwanja, hata akiwa na fedha za kukinunua mara kumi.

Afrika Mashariki nayo ina wageni wake waliozeekea katika nchi ya watu. Miongoni mwao ni wazee wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Mzee wa Nakivale hakuulizwa ana akiba kiasi gani. Alipofika alipewa kile ambacho mwenzake wa Chiang Mai ananyimwa, yaani kipande cha ardhi, akaambiwa ajenge na alime. Lakini kile ambacho yule wa Chiang Mai anacho tangu siku ya kwanza, yaani fedha ya kila mwezi isiyohitaji jasho, huyu hana. Katika makala haya nataka tutazame jinsi mtu mwenye ardhi lakini asiye na nguvu ya kuilima anavyoipitisha siku yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha shida ya uzee wa ukimbizini, na mengine mengi hutokana na hilo.

MAHALI PENYEWE

Kwa msomaji wa Karagwe au Kyerwa, Nakivale si mbali. Ukivuka mto Kagera pale Murongo na kutokea Kikagati, tayari uko ndani ya wilaya ya Isingiro. Anayetoka Kampala hupitia Mbarara, mji ulio kiasi cha kilomita 270 kutoka makao makuu hayo ya nchi, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Nchi yenyewe ni ya vilima vya nyasi na miti ya miiba, yenye misimu miwili ya mvua na kiangazi kikali katikati. Ziwa dogo lililoyapa makazi hayo jina lake ndilo tegemeo la maji; husafishwa kwa mitambo na kusukumwa kwa mabomba hadi vijijini.

Makazi ya Nakivale ni miongoni mwa makongwe kabisa katika Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, kabla Uganda haijapata Uhuru wake. Waliokaa humo mwanzoni walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Mwaka 1982, Wanyarwanda wengi waliokuwa wamejichanganya na wenyeji wa sehemu za Mbarara walifukuzwa katika mashamba yao, na maelfu wakakimbilia humo humo Nakivale au kuelekea mpaka wa Rwanda. Baada ya mwaka 1994 wengi wa wakimbizi wale wa zamani walirejea kwao. Nafasi zao zikachukuliwa na wengine: Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996, Warundi, Wasomali, Wahabeshi, Waeritrea, na Wanyarwanda wengine waliokimbia baada ya hapo. Leo katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 185 wanaishi watu zaidi ya 150,000, na zaidi ya nusu yao ni Wakongo.

Kwa sababu hiyo Kiswahili kinasikika Nakivale kuliko sehemu nyingi za Uganda. Wenyeji wengi wa Uganda walikiogopa kwa muda mrefu kama lugha ya askari, na wana sababu zao, lakini hapa ni lugha ya sokoni, ya kanisani na ya foleni ya maji. Ni Kiswahili cha Kivu, chenye ladha yake. Ugali ni bugali, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga, na dagaa ni ndakala. Mtanzania anayemwamkia bibi wa Kikongo "Shikamoo" huenda akachekewa kwa upole na kujibiwa "Yambo, mwanangu", maana "marahaba" si jibu analolijua. Kwa Mnyankole jirani, mtu huyo huyo hujifunza kusema "Agandi" na kuitikia "Nimarungi", na wazee wanaosema Kinyarwanda hushika Kinyankole upesi kuliko wengine kwa kuwa lugha hizo zina udugu.

Wazee waliopita miaka 60 ni wachache kwa hesabu. Wakimbizi walio wengi katika Uganda ni watoto na wanawake, na ni haki kwamba shule, chanjo na huduma za uzazi zifikiriwe kwanza. Lakini matokeo yake ni kwamba mzee husahaulika kwa urahisi. Hana mtoto mgongoni wa kumwombea huruma, wala hana nguvu za kijana wa kupigania nafasi katika foleni.

ARDHI IKO, MIKONO HAIKO

Siku ya mzee wa Nakivale huanza na dumu la maji. Dumu la kawaida la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, na hakuna ajuza wa miaka 70 anayepaswa kulibeba juu ya kilima. Wenye wajukuu huwatuma kabla ya shule. Asiye na mjukuu humlipa kijana, au hufanya kama alivyonieleza bibi mmoja mwenye asili ya Masisi anayekaa upande wa Rubondo: ana vidumu viwili vya lita tano, naye huenda bombani mara mbili kwa siku, jua likiwa halijakomaa na likiwa limekwisha kulegea. "Haraka ni ya vijana," alisema. Akanionyesha shamba lake nyuma ya nyumba, nusu yake ikiwa na mahindi yaliyostawi vizuri na nusu nyingine ikiwa majani matupu. Nilipouliza sababu alijibu kwa Kiswahili chake: "Udongo iko, mwanangu. Mikono ndiyo haiko."

Maneno hayo machache yanaeleza sera nzima. Tangu mwaka 1999 Uganda imefuata mpango wa kuwafanya wakimbizi wajitegemee, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ikawapa haki ya kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea ndani ya nchi. Ni sera ambayo mataifa mengi huisifu, na mimi pia naisifu, kwani nimeona kambi za nchi nyingine ambako mtu hukaa miaka 20 akitazama uzio. Hata hivyo mpango wa kujitegemea kwa jembe ulifikiriwa kwa ajili ya mtu mwenye misuli. Tena viwanja vimezidi kupungua ukubwa kadiri watu walivyoongezeka, na aliyefika miaka ya karibuni hupata kipande ambacho kingemtosha kijana mwenye maarifa, sembuse mzee.

Njia wanayoitumia wengi ni kulimisha kwa mgao. Mzee hutoa ardhi, kijana hutoa kazi, na mavuno hugawanywa. Kwa bibi wa Masisi, kijana Mrundi hulima ile nusu yenye mahindi na kumpa debe moja kwa kila madebe matatu. Hili ni jambo jema, nalo humpa kijana asiye na nafasi ya kutosha mahali pa kupanda, lakini lina ugomvi ndani yake usipoangalia. Yapasa wakubaliane kabla jembe halijagusa ardhi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au jirani anayeheshimiwa, juu ya mambo haya: nani ananunua mbegu, kama mvua ikikatika, nani anabeba hasara, na mgao unapimwa shambani au baada ya kupukuchuliwa. Jambo la mwisho watu hulidharau, kumbe ndilo linalovunja urafiki. Ikumbukwe pia kwamba ardhi ya makazi amepewa mkimbizi kuitumia tu. Hawezi kuiuza, na anayemshawishi mzee aiuze kwa siri anamtia matatani.

Kwa mzee anayebaki peke yake, bustani ya gunia ni msaada mkubwa kuliko ekari. Chukua gunia imara, lijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati uache nguzo ya mawe madogo tangu chini hadi juu. Njia rahisi ya kuijenga nguzo hiyo ni kutumia kopo lisilo na kitako: unalijaza mawe, unazungushia udongo, kisha unalivuta juu kidogo na kuendelea. Toboa matundu ubavuni na kupanda mchicha, sukumawiki au vitunguu vya majani. Maji hupitia katika mawe na kuenea sawasawa, na yale yaliyooshea mboga hayatupwi, humiminwa humo. Gunia hufika kiunoni, hivyo mzee hupalilia akiwa amesimama au ameketi juu ya kigoda, bila kuinama. Magunia matatu huwapa watu wawili mboga karibu kila siku.

CHUNGU NA KUNI

Mgao wa chakula umepita katika mabadiliko ambayo kila mama wa nyumba huko anayakumbuka kwa miezi. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Mwaka 2023 wakimbizi wakagawanywa katika makundi matatu kulingana na udhaifu wao, na kundi lililoonekana linajiweza likaondolewa kabisa. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua tena, watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika mgao. Mzee anayeishi peke yake aghalabu huhesabiwa miongoni mwa walio dhaifu, na hilo ni jambo la haki. Lakini mzee anayeishi na mwana mwenye nguvu huhesabiwa pamoja na mwana huyo, na kama mwana haleti kitu nyumbani, hesabu ya karatasini haibadiliki kwa ajili hiyo.

Pana na mashine ya kutambua vidole. Mkono ulioshika jembe kwa miaka 50 husuguka mpaka mistari ya vidole hufutika, na mzee akiweka kidole, mashine haimjui. Wenye uzoefu huosha mikono vizuri na kuipaka mafuta kidogo usiku wa kuamkia siku ya mgao, na ikishindikana huomba wapimwe mboni ya jicho. Mzee asikubali kurudi nyumbani mikono mitupu bila kuomba hivyo.

Sasa tuingie jikoni. Kuni ni adha kubwa kuliko chakula chenyewe, maana vilima vilivyo karibu vimekwisha kukatwa miti. Chakula cha msingi ni mahindi na maharage, na maharage ndiyo yanayokula kuni. Yalowekwe tangu jioni, na maji ya kulowekea yamwagwe asubuhi. Yachemshwe kwa moto mkali kwa muda wa nusu saa, kisha sufuria iliyofunikwa vizuri iondolewe motoni na kuwekwa ndani ya kikapu kilichoshindiliwa majani makavu ya migomba au nguo kuukuu pande zote, juu yake blanketi. Baada ya saa nne au tano yatakuwa yameiva au yamekaribia. Kabla ya kula yachemshwe tena yatokote. Kwa njia hii mzigo wa kuni wa siku mbili huweza kufika siku nne, na bibi hakai machozi yakimtoka kwa moshi.

Wazee wengi hawana meno ya kutosha, na kwa aibu huacha kula maharage na mahindi ya kuchemsha wakanywa uji mtupu. Hapo ndipo wanapodhoofika. Maharage yaliyoiva yapondwe kwa mwiko na kuchanganywa na ndizi za matoke, ambazo Isingiro inasifika kwa kuzitoa. Dagaa wakavu wakaangwe bila mafuta, watwangwe wawe unga, na kijiko kimoja au viwili vitiwe katika uji au mboga. Hakuna mfupa wa kumtatiza mtu, na nguvu yote ya samaki imo. Maziwa nayo si anasa katika nchi ya Ankole. Ng'ombe wenye pembe ndefu ni fahari ya huko, na kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa kwa siku ni bora kwa mzee kuliko soda ambayo wajukuu humnunulia kwa heshima.

Sokoni hupatikana mengi kwa mwenye fedha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika taarifa yao ya mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi wa Uganda, walieleza jinsi biashara ya Wasomali ilivyofungamana na dunia, kiasi kwamba samaki wa kopo kutoka Thailand waliuzwa katika maduka yao. Kwa hiyo Thailand imefika Afrika Mashariki kabla sisi hatujafika kwao! Lakini kopo hilo si la mzee wa mgao.

SAFARI YA MBARARA

Vituo vya afya vya makazi hushughulikia malaria, uzazi na magonjwa ya watoto kwa bidii. Maradhi ya uzee ni ya namna nyingine: shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya viungo na macho. Hayo hayaponi kwa vidonge vya siku tatu. Yanataka dawa za kila siku na kupimwa mara kwa mara, na yanapozidi mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Safari hiyo si ndogo kwa mtu mzima. Yapasa mzee aandamane na mtu anayejua Kinyankole au Kiingereza, kwani daktari asipoelewa anachoambiwa hutibu kile anachokiona tu. Achukue kadi ya familia, barua ya kituo cha afya na dawa zote anazotumia, zikiwa katika pakiti zake, si kutajwa kwa rangi. Ni vizuri nyumba yenye mzee iwe na daftari dogo la kuandikia tarehe, kipimo cha damu na jina la dawa. Mjukuu wa darasa la nne anaweza kuliandika, na kazi hiyo humpendeza.

Juu ya macho nitasema zaidi. Wazee wengi huamini kwamba giza linaloingia machoni ni sehemu ya uzee na kwamba hakuna la kufanya. Mara nyingi huo ni mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mbarara ina kituo cha macho cha Ruharo kinachojulikana katika sehemu zote hizo. Bibi aliyerudishiwa macho huweza tena kuchagua mchele, kuokota yai na kumwona mjukuu anayedanganya. Faida yake kwa nyumba haina kipimo. Kwa hiyo mwenye mzee asiyeona asingoje mpaka aanguke motoni.

Hapa ndipo familia nyingi hukutana na swali gumu, na nimelisikia likizungumzwa zaidi ya lingine lolote. Vijana wanaopata vibarua Mbarara, katika maduka, ujenzi au saluni, hupanga chumba mjini na kutaka kumchukua mama yao akae karibu na hospitali. Ni wazo la upendo. Lakini msaada wa mkimbizi umefungwa na makazi. Anayehamia mjini hujitegemea: hana mgao, hana kiwanja, na kodi ya chumba hailali. Zaidi ya hayo mzee aliyezoea majirani wanaosema lugha yake hujikuta amefungiwa chumba kimoja tangu asubuhi hadi jioni, mlango ukiwa umekomewa kwa ndani, akimngoja mwanawe arudi. Nimeona mzee wa namna hiyo akiomba arudishwe Nakivale baada ya miezi miwili, na watoto wake wakaona haya kama kwamba wamemtupa. Hawakumtupa. Maoni yangu ni kwamba mzee anayeweza bado kutembea hadi bombani abaki makazini penye watu wake, na watoto walioko Mbarara wapange zamu ya kwenda Jumamosi, huyu wiki hii na yule wiki ijayo, na fedha ya kodi ya chumba cha pili iwe ndiyo fedha ya dawa. Asiyejiweza kabisa ni habari nyingine, huyo yampasa awe karibu na mikono ya kumwinua.

KADI NA PENSHENI

Uganda huwalipa wananchi wake waliofikia umri wa miaka 80 shilingi 25,000 za nchi hiyo kila mwezi. Mpango huo ulianza mwaka 2010 katika wilaya chache kisha ukaenea nchi nzima. Kwetu Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwapa wazee wake wa miaka 70 na zaidi. Katika Isingiro yawezekana bibi wawili wenye umri mmoja wakaishi pande mbili za njia moja, wakauziana mayai na kuuguzana, na mmoja akapokea fedha hiyo huku mwenziwe asipokee kwa kuwa kadi yake ni ya mkimbizi. Simlaumu anayelipa, kila serikali huanza na watu wake. Lakini wapo walioingia Nakivale wakiwa wasichana ambao sasa ni mabibi, na hesabu ya miaka yao Uganda ni kubwa kuliko ya miaka waliyoishi kwao.

Uraia ndio ungefungua mlango huo, nao si mwepesi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamzuia aliyezaliwa na mkimbizi kujiandikisha kuwa raia kwa sababu tu ya kuzaliwa nchini. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mkimbizi anaweza kuomba uraia kwa njia ya tajinisi, ambayo inadai miaka 20 ya kukaa nchini pamoja na masharti mengine. Tangu hapo wachache tu wameweza kuipita njia hiyo. Tanzania ilipata kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 walioingia mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikagawiwa mwaka 2014. Wazee wengi wa Nakivale wanaijua habari hiyo, na huiuliza kwa makini wanapogundua kwamba mgeni wao ni Mtanzania.

Kwa kukosa pensheni ya serikali, pensheni ya kweli ya mzee wa Nakivale ni mwanawe aliye mbali. Wakongo wengi walihamishiwa Marekani, Kanada na Australia, na fedha wanazotuma kwa simu ndizo zinazonunua dawa na mabati. Katika familia nyingine mzee mwenyewe aliitwa aende, akakataa. Wengine walikubali, wakapimwa afya, wakagawa vyungu vyao, kisha mwezi Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, wakabaki na sanduku lililofungwa. Kwa watoto walioko huko nina ombi moja la kinyumbani. Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi tarehe ile ile ni bora kwa mzee kuliko kiasi kikubwa cha mara moja kwa mwaka, kwani dawa ya shinikizo la damu hainunuliwi kwa mwaka, na fedha nyingi zikionekana kwa mkono dhaifu huvuta ndugu ambao hawakuwapo jana. Zitumwe kwa jina la mzee mwenyewe ikiwezekana, na namba ya siri ya simu aijue yeye na mtu mmoja tu.

Jambo la mwisho ni lile ambalo wazee hulitaja wenyewe, nasi watoto wao hutaka kulizima: watazikwa wapi. Kumrudisha marehemu Masisi au Uvira ni gharama ambayo hakuna anayeiweza, na mara nyingi njia yenyewe imefungwa na vita. Katika vijiji vingi wazee wamejiunga katika vikundi vya kuweka na kukopa, na pembeni ya sanduku la mikopo huweka mfuko wa msiba. Kila mwanachama hutoa kitu kidogo kila wiki. Anayefariki hununuliwa sanda au jeneza, waombolezaji hupikiwa maharage na bugali, na vijana wanaochimba kaburi hupewa chai. Mzee anayejiunga hutaja mbele ya katibu mambo matatu, nayo huandikwa katika daftari: dini yake, ndugu wa kupigiwa simu, na lugha anayotaka aombewe.

Katibu wa kikundi kimoja upande wa Juru alinionyesha daftari lake. Katika ukurasa wa lugha, bibi mmoja aliandikiwa Kifulero na Kiswahili, na chini yake katibu akaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba mwenyewe ameomba pia wimbo mmoja wa Kinyankole, kwa ajili ya majirani zake.